Wanaochora, wanaopanda na wanaotunza: kwa nini chuo kikuu kisiwatenganishe

Kijani cha mijini kimeanza kuingia kwenye sheria na makubaliano ya kimataifa. Desemba 2022, nchi zilizokutana Montreal zilipitisha mpango wa dunia wa bioanuwai, ambao lengo lake la 12 linataka maeneo ya kijani na ya maji ndani ya miji yaongezwe ukubwa na ubora. Agosti 2024 ikaanza kutumika kanuni ya Umoja wa Ulaya ya kurejesha mazingira asilia. Kanuni hiyo inazitaka nchi wanachama zihakikishe kwamba kufikia mwisho wa 2030, kwa hesabu ya jumla, maeneo ya kijani ya mijini na kivuli cha miti havijapungua kulinganisha na 2024. Wapangaji wa miji nao wameipokea kwa hamu kanuni ya 3-30-300, iliyopendekezwa mwaka 2021 na mtaalamu wa misitu ya mijini Cecil Konijnendijk: kila mkazi aone angalau miti 3 akiwa nyumbani, mtaa wake ufunikwe na kivuli cha miti kwa asilimia 30, na bustani ya umma iwe ndani ya mita 300. Marekani, Julai 2023, iliuingiza usanifu wa mandhari, yaani fani ya kubuni bustani na maeneo ya wazi, kwenye orodha ya masomo ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati ambayo mhitimu wa kigeni huruhusiwa kuongeza muda wa kufanya kazi nchini humo baada ya masomo.

Habari hizi zimepokewa kama ushindi wa miche na michoro. Viongozi wanahesabu miti watakayopanda, wasanifu wanahesabu kazi zitakazotangazwa, na kijana anayependa mimea anashauriwa akasomee usanifu huo kwa sababu huko ndiko kuliko na heshima na ajira. Kilimo cha bustani, kwa upande wake, kimekuwa kikipoteza jina lake vyuoni. Chuo kikuu cha Cornell cha Marekani, moja ya ngome zake kongwe, iliiunganisha idara yake ya fani hiyo na idara nyingine za mimea na udongo mwaka 2014, zote zikawa chini ya shule moja ya sayansi ya mimea. Na usimamizi wa bustani za umma mara nyingi hauna kwao: leo utaukuta kwenye utalii na burudani, kesho kwenye utawala wa umma. Kwa maoni yangu tumeisoma hali hii vibaya. Miji haijakwama kwa kukosa michoro, wala kwa kukosa miche. Imekwama kwa kukosa watu wanaoweza kuchukua eneo lililosanifiwa na kulifikisha mwaka wa ishirini likiwa hai, salama na lenye watumiaji. Watu hao hawawezi kupatikana iwapo kupanda, kusanifu na kusimamia kunafundishwa katika vitivo vitatu visivyosalimiana.

Tuanze na hesabu ya vifo, kwa sababu hotuba za uzinduzi huwa haziigusi. Mwaka 2011 watafiti Lara Roman na Frederick Scatena walikusanya matokeo ya tafiti zilizokuwapo kuhusu miti ya barabarani na kukadiria kwamba wastani wa maisha yake ni miaka 19 hadi 28, huku asilimia 94.9 hadi 96.5 ya miti ikivuka salama kila mwaka. Asilimia 95 inasikika kama alama nzuri sana. Lakini iendeleze mwaka baada ya mwaka: nusu ya miti yote itakuwa imekufa kati ya mwaka wa 13 na wa 20. Huo ndio umri ambao miti mingi ya kivuli ndiyo kwanza inaanza kutoa faida iliyoahidiwa, yaani kupoza barabara, kuzuia maji ya mvua yasijae kwenye mifereji, kuwapa ndege makao. Mji unaopanda bila kuongeza uwezo wa kutunza unaweza kutimiza lengo lake la miche kila mwaka, na baada ya miongo miwili ukajikuta na kivuli kilekile.

Vifo hivyo vina sababu zinazoonekana kwa macho, ukijua pa kuangalia. Fukua mche uliokauka miaka mitatu baada ya kupandwa na mara nyingi utakuta mizizi bado imejizungusha kwa umbo la chombo ulichotoka nacho kitaluni. Hakuna aliyeifumua wala kuikata siku ya kupanda. Au utakuta shingo ya mche, pale shina linapopanuka kuanza mizizi, imezama chini ya udongo, gome limelowa na kuoza. Waya wa kufungia kwenye nguzo haukulegezwa, umezama ndani ya shina lililonenepa. Matandazo yamerundikwa yakagusa shina badala ya kutandazwa mbali nalo kidogo. Mashine ya kukata nyasi imechubua gome pande zote. Na chini ya hayo yote kuna udongo ulioshindiliwa na magari ya ujenzi, usio na nafasi za hewa wala za maji, ambao mzizi hauwezi kuupenya. Hakuna kosa hata moja hapo ambalo mchoro mzuri ungelizuia peke yake, wala hakuna linalohitaji teknolojia ngumu kulirekebisha. Linahitaji mtu anayejua, aliyepewa mamlaka ya kukataa mche mbovu langoni na kumwamuru mkandarasi alegeze udongo kabla ya kupanda.

Chukua kupogoa, kazi ambayo wengi huamini inaweza kufanywa na yeyote mwenye msumeno. Kwa muda mrefu tawi lilikatwa sawasawa na shina ili lionekane nadhifu, kisha kidonda kikapakwa rangi au lami. Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya Marekani, alipasua maelfu ya miti kwa urefu na kuonyesha kwamba mti hauponyi kidonda kama mnyama anavyofanya. Hauijengi upya tishu iliyoharibika. Huizungushia kuta za seli na kemikali, kisha hukuza mbao mpya pembeni yake. Kuta hizo zina nguvu zaidi pale tawi linapoungana na shina, kwenye pete ya uvimbe inayoonekana kwa nje. Ukikata ndani ya pete hiyo unauondoa ulinzi wenyewe, na rangi haiurudishi. Kuvu huingia, shina huoza kimyakimya, na miaka kadhaa baadaye mti huangukia watu. Hapo elimu ya mimea, usalama wa umma na dhima ya kisheria ya mwenye bustani vimekuwa suala moja, na huwezi kuligawa kwa vitivo.

Historia haiungi mkono mgawanyo huu. Birkenhead Park ya Uingereza, iliyofunguliwa 1847 na ambayo ni kati ya bustani za kwanza kujengwa kwa fedha za umma, ilisanifiwa na Joseph Paxton, mtunza bustani aliyekulia kwenye kazi hiyo, na Edward Kemp aliyesimamia ujenzi wake akabaki kuwa msimamizi wake. Frederick Law Olmsted, aliyeitembelea mwaka 1850, aliajiriwa Central Park, bustani kubwa ya umma ya New York, mwaka 1857 akiwa msimamizi wa vibarua na kazi; mchoro ulioshinda, aliouandaa na Calvert Vaux, ulikuja 1858. Hata elimu rasmi ilipoanza barani Ulaya, ilianzia kwenye ardhi: Norway ilianza kufundisha usanifu wa mandhari mwaka 1919 katika chuo chake cha kilimo huko Ås, na Berlin ikafuata 1929 katika chuo kikuu cha kilimo, chini ya Erwin Barth. Harvard, iliyoanza mapema zaidi, mwaka 1900, ilichukua njia ya usanifu.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Versailles. Mwaka 1873 Ufaransa ilianzisha shule ya taifa ya kilimo cha bustani ndani ya bustani ya mboga na matunda ya mfalme. Mwaka 1945 ikaongezwa sehemu ya mandhari na sanaa ya bustani. Mwaka 1976 usanifu wa mandhari ukapata shule yake yenyewe palepale, na baadaye kilimo cha bustani kikahamia Angers. Kila hatua ilikuwa na sababu zake, na shule zote mbili zimetoa wataalamu wakubwa. Ila ramani yenyewe inasema mengi: anayejifunza kusanifu kwa mimea na anayejifunza mimea yenyewe sasa wako miji miwili tofauti.

Sasa tuzisikilize hoja za upande wa pili, maana baadhi zina uzito.

Ya kwanza ni kwamba kazi hii haihitaji shahada. Bustani ya mimea ya Kew, London, imekuwa ikifundisha watunza bustani tangu 1859 kwa njia ya kazi na darasa pamoja, na wahitimu wake wanaongoza bustani kubwa katika nchi nyingi. Mtu aliyekaa miaka mitano chini ya fundi hodari anaweza kumshinda mwenye cheti cha chuo kikuu katika karibu kila kazi ya mikono, na ningependa kuona mishahara ikikiri jambo hilo. Nakubaliana na hoja hii hadi kiasi fulani. Inapoishia ni pale maamuzi yanapohusu maelfu ya miti kwa wakati mmoja. Mwaka 1990 Frank Santamour wa bustani ya taifa ya miti ya Marekani alipendekeza kwamba miti ya mji isizidi asilimia 10 kutoka spishi moja, 20 kutoka jenasi moja (kundi la spishi zinazokaribiana) na 30 kutoka familia moja (kundi la jenasi zinazokaribiana). Sababu ilikuwa inaeleweka: ugonjwa wa kuvu ulikuwa umefagia miti ya elmi mijini. Katika miji mingi ya Marekani nafasi zilizoachwa zilijazwa na miti ya eshi, nayo kwa wingi uleule, na mwaka 2002 mbawakawa wa kijani anayetoboa miti ya eshi akagunduliwa karibu na Detroit. Ameua makumi ya mamilioni ya miti. Kuzuia janga la aina hiyo ni kazi ya kusoma takwimu za miti, kujua uainishaji wa mimea, kupanga na vitalu miaka kumi mapema, na kuwashawishi wanasiasa wanaotaka barabara nzima iwe na mti mmoja unaopendeza. Ujuzi wa mikono ni msingi wake, lakini haufiki huko peke yake.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na wenye kuitoa ni walimu wazuri: mshika mawili moja humponyoka, sembuse matatu. Mwanafunzi atakayesoma fiziolojia ya mimea, uchoraji na bajeti ndani ya miaka minne au mitano atagusa kila kitu bila kukizamia. Wanaweza hata kuongeza kwamba Central Park yenyewe haikujengwa na mtu mmoja mwenye yote. Vaux alikuwa msanifu majengo, Olmsted mtawala wa kazi, na upandaji uliongozwa na Ignaz Pilat, mtaalamu wa mimea kutoka Austria. Ni kweli. Lakini walikuwa kwenye eneo moja la kazi, wakigombana juu ya mti uleule. Sidai mtu mmoja afanye kazi za watu watatu. Ninachodai ni kwamba kila mmoja wa watatu ajue vya kutosha kuhusu kazi za wenzake ili uamuzi wake usiziue. Msanifu asiyejua ujazo wa udongo anaoutaka mti mkubwa atachora shimo la mita moja kwenye lami na kuliita barabara ya kivuli. Mtaalamu wa mimea asiyesoma mchoro hatajua mteremko ule aliousawazisha ulikuwa wa kupeleka maji ya mvua mahali fulani. Msimamizi asiyejua yote mawili atapunguza bajeti ya kumwagilia mwaka wa pili, mwaka ambao miche bado haijajitegemea.

Kina na upana vinaweza kuishi pamoja iwapo chuo kitapanga vizuri. Katika chuo kikuu cha Sheffield, James Hitchmough, mtaalamu wa mimea, alifundisha ndani ya idara ya usanifu wa mandhari. Yeye na Nigel Dunnett walibuni upandaji wa maua wa bustani ya Olimpiki ya London mwaka 2012, kazi iliyotegemea majaribio ya miaka mingi ya mbegu, kuota na ushindani kati ya mimea. High Line ya New York, bustani iliyojengwa juu ya reli ya zamani na kufunguliwa 2009, ilipandwa kwa mpango wa Piet Oudolf, aliyekuwa na kitalu chake mwenyewe kabla dunia haijamjua, na mabua yake makavu hukatwa kwa mikono kila mwanzo wa majira ya kuchipua. Ubunifu ule ungekuwa kichaka ndani ya miaka michache bila timu ya watunza bustani wanaojua kila kundi la mimea linataka nini. Roberto Burle Marx wa Brazil alisomea uchoraji, na hoja ya kwamba usanifu ni sanaa humtumia sana. Lakini alitafuta mimea porini maisha yake yote na kukusanya maelfu ya spishi katika shamba lake, ambalo UNESCO ililiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2021. Ukimtaja kama msanii tu umemtaja nusu.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi kwenye vikao vya bajeti: kwamba mimea hujiotea, kwa hiyo bustani ikishajengwa kinachobaki ni kufagia na kukata nyasi, na hilo mkandarasi yeyote mwenye bei ya chini analiweza. Nimekaa kwenye kikao cha kukabidhi bustani mpya ambapo michoro ilifunika meza nzima na hapakuwa na karatasi hata moja inayosema nani atamwagilia mwezi unaofuata. Kwa wenye imani hii, Central Park ya miaka ya 1970 inatosha kuwa jibu. Mchoro ulikuwa wa mabingwa na ardhi ilikuwa hekta 341 katikati ya mji tajiri, lakini mji ulipobanwa kifedha na utunzaji ukakatwa, nyasi ziligeuka vumbi, majengo yakaharibiwa, na watu wakaanza kuiogopa. Mimea ilijiotea kweli, lakini ilikuwa magugu. Kilichoiokoa hakikuwa mchoro mpya. Mwaka 1980 likaundwa shirika la Central Park Conservancy, likakusanya fedha, likaandaa mpango wa ukarabati, na baadaye likaigawa bustani katika kanda 49, kila moja na mtunza bustani anayewajibika kwayo. Kasoro ikitokea, anajulikana wa kuulizwa. Na mtu huyo anaijua kanda yake kuliko ripoti yoyote. Uvumbuzi huu ni wa usimamizi, lakini haufanyi kazi hadi mwenye kanda awe anajua mimea.

Singapore nayo hutajwa kila mahali kwa miti yake, na kwa kawaida tunaonyeshwa picha ya Lee Kuan Yew, waziri mkuu wa wakati huo, akipanda mti mwaka 1963. Kilichofuata ndicho chenye somo. Serikali iliunda kitengo cha bustani na miti, ikakikuza kuwa idara, ikatunga sheria ya bustani na miti mwaka 1975, na mwaka 2007 ikafungua kituo cha mafunzo na utafiti wa kijani cha mijini. Mti mmoja wa uzinduzi ulifuatwa na miongo ya ajira, sheria na elimu. Na usimamizi haukomei kwenye kumwagilia. Mwaka 1989 palipopangwa kujengwa jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi, aliyesimama kuipinga alikuwa Wangari Maathai, kwa gharama kubwa kwake mwenyewe. Anayesomea kusimamia bustani za umma anapaswa kuhitimu akijua sheria ya ardhi, umiliki wa eneo analolitunza, na jinsi ya kuwa na wananchi upande wake kabla ya siku kama hiyo.

Suala la mshahara silikwepi. Mtunza bustani hulipwa kidogo kuliko msanifu karibu kila mahali, na ni haki mzazi kuuliza faida ya shahada iko wapi. Sehemu ya jibu ni kwamba malipo madogo yametokana na mgawanyo huohuo: anayebaki na eneo kwa miaka ishirini hana sauti wakati wa kuchora, wala jina kwenye kibao. Chuo kikuu kinachompa mhitimu uwezo wa kukaa meza moja na mhandisi na mhasibu kinaanza kulibadilisha hilo. Chuo kikuu cha Delaware cha Marekani, kwa kushirikiana na bustani ya Longwood Gardens, kilianzisha mwaka 1967 programu ya uzamili ya kuandaa viongozi wa bustani za umma, na ni ushahidi kwamba wazo hili lina umri na lina matokeo.

Kwa vyuo, basi, badala ya kubadilisha jina la shahada ningeanza na kipande cha ardhi. Mwanafunzi apewe eneo dogo mwaka wa kwanza, alipime udongo, alisanifu, alipande, aliandikie bajeti, na abaki nalo hadi anahitimu, akiandika kila kilichokufa na sababu yake. Mtihani wa mwisho ufanyike hapo, mbele ya wahadhiri wa fani zote tatu, na kipande hicho akirithi mwanafunzi anayefuata pamoja na daftari lake. Kwa miji, zabuni zilipwe kwa miche iliyo hai mwaka wa tano badala ya miche iliyoshuka kwenye gari, na bajeti ya utunzaji iidhinishwe siku moja na bajeti ya ujenzi. Na kijana anayechagua chuo mwaka huu, kabla ya kutazama jina la kitivo, aombe kuonyeshwa bustani ya chuo chenyewe, aulize ni nani anaitunza, na kama wanaoitunza huwa wanaingia darasani kufundisha.